Pole ya Maini

Suruali zake za kazi hazikufuliwa pamoja na nguo nyingine za nyumbani. Mkewe alizitengea beseni lake peke yake, la plastiki, lenye ufa pembeni, kwa sababu mfuko wa kulia ulikuwa na harufu ya maini ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo tangu walipokuwa vijana. Hata alipovaa suruali safi ya kwendea harusini, mkono wake wa kulia ulijiendea wenyewe mfukoni, ukapapasa, ukarudi mtupu. Kazini walimwita Kipande. Jina hilo likamganda, mashemeji wakalichukua, na mwishowe hata yeye alipopiga simu alijitambulisha hivyo: "Ni mimi, Kipande."

Alikuwa mfunza mbwa wa kampuni moja ya ulinzi. Banda lilikuwa nyuma ya karakana ya magari: safu mbili za vizimba vya wavu, jiko la kupikia uji wa mbwa, bomba lililovuja mwaka mzima, na uwanja wa kokoto uliojaa vitu ambavyo mgeni angeviita takataka. Palikuwa na masanduku ya mbao, matairi, na milango ya gari isiyokuwa na gari. Hilo ndilo lilikuwa darasa lake.

Wafunzaji waliomtangulia walifundisha kwa mnyororo na kwa sauti. Mbwa akikosea, alivutwa shingo. Akipatia, aliachwa apumue. Kipande alikwenda kinyume nao. Mbwa akikosea hakusema neno, alingoja tu, kama mtu anayengoja maji yachemke. Mbwa akipatia, papo hapo alisema "safi," na kabla neno halijapoa kipande cha maini makavu kilikuwa kimeshafika mdomoni. Kazi iliyo ngumu zaidi aliilipa kwa mchezo: mpira wa kurushwa, au kamba ya kuvutana.

"Mbwa hafanyi kazi kwa kukuheshimu," aliwaambia walinzi waliokuja kujifunza. "Anafanya kwa kipande. Na usimlaumu. Wewe mwenyewe mwisho wa mwezi wakikwambia, tunakuheshimu sana bwana, halafu mkononi hamna kitu, kesho utakuja?"

"Nitakuja kuchukua viatu vyangu," mmoja alijibu, na wengine wakacheka.

Walipomaliza kucheka aliwapa somo aliloliona zito kuliko yote. "Neno ni ahadi. Ukilisema ukalipa, linanenepa. Ukilisema usilipe, linakonda. Ukiendelea hivyo linakufa, na neno likishakufa halifufuki kwa kupiga kelele."

Kutu aliletwa mwanzoni mwa msimu wa baridi, ndani ya gunia lililotobolewa matundu ya hewa. Alikuwa jike, rangi yake ya bati kuukuu, na ndiyo iliyompa jina. Alikotoka, walinzi walimpiga kwa rungu na mawe ili awe mkali, na badala ya ukali akapata woga. Sikio moja lilikuwa limechanika, unyayo wa mbele umepasuka.

Msimamizi wa banda, mtu mrefu aliyezoea kuzungumza huku akitazama saa yake, alimwinamia kidogo akatikisa kichwa.

"Pua anayo. Moyo hana."

"Moyo upo," Kipande alisema. "Umejificha."

"Basi utoe huko ulikojificha. Msimu ukiisha kuna mtihani. Akiweza kunusa baruti kwenye masanduku, yupo mteja anamngoja, ghala la mbali, mwendo wa siku nzima kwa gari. Akishindwa, daktari wa mifugo atakuja na sindano yake. Kampuni haifugi mapambo."

Kipande alielewa kwamba kwa vyovyote vile Kutu angeondoka. Lililobaki ni kama angeondoka kwa gari au kwa sindano.

Kila asubuhi alipiga magoti kizimbani, akasafisha unyayo ule kwa maji ya chumvi. Dawa ilipouma, Kutu alitetemeka mwili mzima bila kutoa sauti. "Pole, mama," Kipande alimwambia. "Pole. Najua." Kisha alimtilia kipande cha maini mdomoni. Alifanya hivyo bila kuwaza chochote, kama mtu anavyomsemesha mtoto anayeogeshwa. Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Kilipofunga, akamtoa uwanjani, akaanza kumfundisha kwa neno la siku zote. Safi. Kutu alijikunyata nyuma ya tairi akamtazama. Safi. Kama vile hakuambiwa yeye.

Siku moja mwenzake aliyeitwa Mluzi, kwa sababu ya pengo la meno lililomfanya apige mluzi hata asipokusudia, alikuwa akivuka uwanja na ndoo ya uji, akajikwaa kwenye ukingo wa sanduku. Uji ukamwagika, naye akashika kidole cha mguu.

"Pole, bwana," Kipande alisema bila kugeuka.

Kutu akatoka nyuma ya tairi. Hakuutazama uji. Alikuja moja kwa moja akaketi mbele ya Kipande, sikio zima limesimama wima, lile lililochanika nalo likijitahidi, macho yameganda kwenye mfuko wa kulia.

Mluzi alimtazama mbwa, kisha akamtazama Kipande.

"Hebu sema tena," Mluzi alisema.

"Pole."

Mkia ukafagia kokoto.

"Yaani mimi nimeng'oka kucha," Mluzi alisema, bado amesimama kwa mguu mmoja, "anayelipwa ni mbwa."

Kipande alilipa. Alicheka, lakini alikuwa ameshaanza kufikiri. Neno lilikuwa limeota lenyewe, tena limeota penye maumivu. Kuling'oa na kupanda jingine kungemlia muda ambao hakuwa nao. Siku ile ile akaamua kwamba "safi" ni ya mbwa wengine, na Kutu atafundishwa kwa "pole."

Mluzi alimwonya. "Neno la watu wote hilo. Safi utaisikia hapa bandani. Pole iko kila mahali. Kila anayejikwaa mjini atakuwa anamchanganya mbwa wako."

"Kwenye masanduku ya ghala nani atampa nani pole?"

"Mimi nimekwambia. Usije ukasema Mluzi alipuliza tu."

Jumapili alimchukua Kutu nyumbani ili azoee sauti za sufuria, redio na watu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na uwanja mdogo wa nyuma uliosakafiwa saruji. Mkewe alikuwa fundi cherehani, lakini moyo wake ulikuwa umedhoofika, miguu ilivimba, na kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa sebuleni karibu na dirisha. Cherehani ilisimama pembeni, imefunikwa shuka kama mgeni aliyelala.

"Umeniletea mke mwenza," alisema alipomwona Kutu mlangoni. "Tena kijana."

"Mwenye kupe."

"Hata mimi uliponioa nilikuwa na kasoro zangu."

Ni yeye aliyeona tatizo ambalo Kipande alikuwa akilizunguka. Maini yalitosha kumfanya Kutu aketi, afuate, anuse. Lakini kuzunguka safu nzima ya masanduku bila kukata tamaa kulihitaji furaha kubwa zaidi, yaani mchezo, na Kutu hakujua kucheza. Kipande aliporusha mpira, Kutu alijilaza chini na kufumba macho.

"Huyo amerushiwa mawe," mkewe alisema kutoka kitandani. "Usimrushie kitu. Mpe kitu ambacho ncha yake nyingine imeshikiliwa."

Akaomba kikapu chake cha vitambaa. Ndani yake mlikuwa na gauni la njano alilolishona mwenyewe miaka mingi nyuma na ambalo halikumwingia tena. Akalichana vipande virefu, akaanza kuvisuka. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, kwa hiyo kamba ile ilimchukua muda, akisuka kidogo, akipumzika, akisuka tena. Ilipokamilika aliitupia ncha moja ukingoni mwa kitanda, ikaning'inia. Hakumwita mbwa. Aliendelea kutazama dirishani, akiitikisa taratibu kama mtu aliyeisahau mkononi.

Kutu alikuja akitambaa kwa tumbo. Alinusa. Akauma. Mwanamke akavuta kidogo, akalegeza ili mbwa ashinde, akavuta, akalegeza. Na hapo Kutu akanguruma, si kwa hasira, bali kwa sauti ya mbwa mdogo ambaye hakuwahi kuruhusiwa kuwa mdogo. Kipande alikuwa amesimama na sufuria ya uji mkononi. Hakuthubutu kuiweka chini.

Tangu hapo walikuwa walimu wawili. Yeye alisema "pole" na kutoa kipande, na mkewe alikamilisha kwa kamba.

"Lakini nina malalamiko," mkewe alisema Jumapili moja, baada ya Kutu kulipwa kwa mara nyingine. "Tangu nianze kuugua unaniambia pole asubuhi, mchana, jioni. Miaka yote hiyo sijaona hata kipande."

Kipande akatia mkono mfukoni kwa uzito mkubwa, akamtolea kipande cha maini makavu ya mbwa. Mkewe alicheka mpaka akakohoa, ikabidi ashikwe mgongo. "Pole," Kipande alimwambia, akimshikilia, na Kutu papo hapo akaketi mbele yao wote wawili, akingoja chake. Mkewe akaanza kucheka upya.

Mkewe alifariki hospitalini asubuhi, wakati Kipande amekwenda kumtafutia maji ya kunywa. Aliporudi na chupa, wodi ilikuwa na kelele zile zile za kila siku, ila kitanda kile kimezungushiwa pazia.

Wiki hiyo banda lilikuwa limepuliziwa dawa ya kupe, na mbwa wamegawanywa kwenye nyumba za wafunzaji hadi sumu ikauke. Mluzi alikuwa na watatu kwake. Kutu alikuwa amefungwa kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ya Kipande, mlango wa jikoni ukiwa wazi kwa sababu ya moshi na watu. Viti vya kukodi vilipangwa kutoka sebuleni hadi barabarani. Binti yake wa pekee, mwokaji mikate katika mji mwingine, alifika jioni na basi, unga bado uko kwenye kucha zake.

Watu walianza kuingia. Majirani, wateja wa zamani wa cherehani, walinzi waliovaa sare, ndugu waliokuwa hawajaonana tangu msiba uliopita. Kila mmoja alimshika Kipande mkono, akasema neno ambalo watu husema.

"Pole sana."

"Pole, ndugu yangu."

"Poleni kwa msiba, poleni sana."

Alipokea kichwa kikiwa chini, mpaka alipoinua macho na kutazama kupitia mlango wa jikoni. Kutu alikuwa ameketi wima kwenye saruji. Kila "pole" iliposikika, sikio lilisimama, mate yakamdondoka, macho yakatafuta mkono. Mkono haukuja. Pole nyingine. Sikio likasimama, kwa uvivu kidogo. Pole nyingine.

Kipande hakutaka kuliona jambo hilo. Alikuwa mfiwa, alistahili kupofuka siku moja. Lakini macho aliyoyatumia maisha yake yote hayakumtii. Aliona neno likikonda mbele yake, na nyuma ya neno akaiona sindano.

Akasimama, akaenda jikoni, akajaza mfuko maini, akarudi na kukisogeza kiti chake karibu na mlango wa nyuma. Kuanzia hapo, kila aliyempa pole alipewa mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia ukitupa kipande uani. Watu walitazamana. Shemeji yake, dada wa marehemu, mwanamke aliyekuwa akisimamia chai, aliweka birika chini.

"Maiti hata haijazikwa," alisema, si kwa sauti ya chini sana, "mwenzetu analisha mbwa."

"Labda ni mshtuko," mtu alisema.

"Mshtuko gani wenye shabaha hivyo?"

Binti alimfuata baba yake mlangoni. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Baba, watu wanakuangalia."

"Nawaona."

"Basi mfukuze huyo mbwa. Mpeleke kwa jirani."

"Kwa jirani nako watakuwa wanampa jirani pole. Ukuta wenyewe huu huu."

"Unasema nini?"

Alijaribu kumweleza: neno, ahadi, mtihani. Maneno ambayo bandani yalitoka kwake kama maji, hapa yalimkwama. Yalisikika ya kijinga hata masikioni mwake. Alifika mahali pa sindano na hapo akakoma, kwa sababu muuguzi mmoja aliyemtunza mkewe alikuwa akiingia, amenyoosha mkono.

"Pole sana, mzee."

Kipande alitupa kipande uani. Binti yake aligeuka akaondoka.

Mluzi alikuja usiku, akavuta kiti, akauona mfuko uliotuna, akaelewa bila kuuliza. Hakumkumbusha onyo lake. Alimshika bega tu, mdomo umefumbwa. Ni yeye pekee katika msiba ule ambaye hakumpa pole, na Kipande alimshukuru kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Siku ya mazishi maini yaliisha. Machinjio yalikuwa yamefungwa, na asingeweza kuliacha jeneza la mkewe akatafute nyama. Alikaa. Pole zilikuja nyingi kuliko jana, zikija hata kwa waliokwishatoa, kwa kuwa hakuna neno jingine mtu anaweza kumwambia mwenzake akikutana naye koridoni. Kutu alijaribu muda mrefu. Aliketi, akalala, akaketi tena. Jua lilipoinama alikuwa ameweka kidevu juu ya miguu, na "pole" zikapita juu yake kama kugongana kwa vikombe. Kipande naye alikuwa hazisikii tena. Alitikisa kichwa kwa kila moja, akashika kila mkono, na mtu angemwambia kinyume chake angemshukuru vile vile.

Msiba ulipomalizika, binti alibaki kupanga vitu vya mama yake. Kwenye kikapu cha vitambaa akakuta mabaki ya gauni la njano, na chini ya kitanda akaikuta kamba, imetafunwa ncha, ina manyoya ya mbwa. Alilijua gauni hilo. Mama yake alilivaa siku aliyompeleka shule kwa mara ya kwanza; yeye mwenyewe alitembea njia nzima ameushika upindo wake. Hakupiga kelele. Alimwonyesha tu baba yake.

"Hili nalo mlimpa mbwa?"

"Mama yako alilichana mwenyewe."

"Mama alikuwa mgonjwa. Angekataa nini?"

Akaiweka kamba ndani ya mkoba wake, akafunga zipu.

Bandani, Kipande alijaribu. Kutu alinusa sanduku, akasita, akaketi penye baruti kama alivyofunzwa. "Pole," Kipande alisema. Sikio halikucheza. Alimpa kipande, Kutu akala, lakini alikula kama mtu aliyekuta chakula mezani, si kama aliyelipwa. Kwa mara ya pili aliketi kwa muda mfupi zaidi. Kwa mara ya tatu alipita sanduku bila kusimama, akarudi nyuma ya tairi lake la zamani. Hakujua tena ni wakati gani amepatia. Mtihani ulikuwa kesho.

Jioni hiyo Kipande aliketi mezani mkabala na binti yake. Binti alikuwa amekata mkate alioukanda mwenyewe, lakini hakuna aliyekula.

"Naiomba ile kamba," Kipande alisema.

Binti alimtazama.

"Neno limekufa. Kuna kamba tu. Kamba haihitaji neno. Kesho akiketi penye baruti nikamwonyesha kamba, atajua. Asipoketi, keshokutwa anakuja daktari." Akakisogeza kisu cha mkate kando. "Nilikuwa simlishi mbwa siku ile. Nilikuwa nalipa."

"Kulipa nini?"

Ndipo akamweleza, taratibu, kuanzia unyayo uliopasuka. Alimweleza kidole cha Mluzi. Alimweleza mke mwenza mwenye kupe, kamba ikining'inia ukingoni mwa kitanda, na mkono uliokuwa ukiitikisa kama umeisahau. Alimweleza malalamiko ya mama yake, miaka yote ya pole bila kipande, na kile kipande cha maini alichompa.

"Akafanyaje?"

"Akacheka."

"Alicheka?"

"Mpaka akakohoa. Nilimshika mgongo."

Binti alikuwa akiongea na mama yake kwa simu kila wiki, na miezi ile yote alisikia sauti ya mgonjwa tu. Hakujua kwamba nyumba hii ilikuwa na kicheko ndani yake. Alilia kwa muda mrefu, mikono juu ya meza, na baba yake hakusema "pole." Alisogeza kikombe chake cha chai karibu na mikono ile, akangoja.

Asubuhi binti alikwenda naye bandani. Hakuwahi kufika hapo maishani. Alisimama nje ya wavu pamoja na Mluzi, amevaa koti la mama yake. Msimamizi alitazama saa. Mlinzi ambaye angemchukua Kutu alikuwepo pia, jitu moja la haya nyingi waliloliita Mlango, kwa sababu akisimama kizingitini hakuna mwingine anayepita.

Kutu alianza safu ya kwanza, mkia chini. Alipita sanduku, akapita jingine. Alilipita hata lile lenye kitambaa cha baruti, na Mluzi akatoa upepo kupitia pengo lake. Kipande alisimama bila kusogea, bila kuita, bila kukohoa. Alingoja kama mtu anayengoja maji yachemke. Kutu alifika mwisho wa safu, akageuza kichwa, akarudi hatua chache. Pua ikashuka. Akazunguka sanduku lile, akamtazama Kipande usoni, akaketi.

Hakuna neno lililosemwa. Kipande alitoa kamba ya njano kifuani mwake.

Kutu aliruka akaidaka hewani. Mzee na mbwa walivutana katikati ya kokoto, huku Kutu akinguruma, meno yameng'ang'ania, na nyuzi za njano zikikatika moja moja na kupeperuka hadi kwenye wavu. Binti aliuona uzi mmoja ukinasa kwenye mkono wa koti. Hakuutoa.

"Mbona hukulisema lile neno lako?" msimamizi aliuliza.

"Limekwisha."

Msimamizi alifikiri kidogo. "Amefaulu. Gari liko tayari."

Hapakuwa na siku ya kuagana. Mlango alilala kifudifudi kwenye kokoto, kama alivyoelekezwa, na ukubwa wake wote ukawa si kitu, mpaka Kutu akamnusa shingo. Kipande alimfundisha namna ya kuvuta na kulegeza.

"Utachagua neno lako mwenyewe," alimwambia. "Lisiwe neno ambalo watu wanagawa bure. Na ukilisema, lipa."

"Nitalipa, mzee. Na kamba?"

Kipande alitazama upande wa wavu. Binti alikuwa ameshaingia uwanjani. Aliichukua kamba, akaishika kwa mikono miwili kwa muda, ncha yenye mate na ncha iliyo kavu. Kisha akampa Mlango.

"Ncha hii ishike wewe," alimwambia. "Usimrushie. Amerushiwa vya kutosha."

Gari liliwashwa. Kutu alikuwa nyuma ya wavu wa kizimba cha gari, kamba kati ya miguu yake ya mbele, anatazama huku na huku kama abiria yeyote. Lilipoanza kutoka getini, binti alisogea karibu na baba yake. Siku zote zile za msiba, katikati ya watu wote wale, yeye alikuwa hajamwambia.

"Pole, Baba."

Kwenye gari, Kutu hakugeuka. Aliyegeuka ni Kipande. Alimtazama binti yake, kichwa kimeinama upande kidogo, kama mtu aliyesikia kitu anachokifahamu kutoka mbali.

Binti alitia mkono katika mfuko wa koti la mama yake, akatoa kipande cha mkate wa jana kilichofungwa kwenye karatasi, akamwekea kiganjani.

Kipande alikula hapo hapo, akiwa amesimama. Mkate ulikuwa mkavu. Alipomaliza, alipangusa vidole kwenye mfuko wa kulia wa suruali yake, kama alivyozoea. Na gari lilikuwa limekwisha kupinda kona.